Mtihani wa Ajira Tusiususie, Tuusimamie



Juzi kwenye kikao chetu pale Mwanjelwa, kaka mmoja aliyemaliza chuo miaka mitatu iliyopita alisimama akasema hataenda tena kwenye usaili wowote wa serikali. Nafasi zina wenyewe, akasema, sisi tunaitwa kusindikiza. Alipigiwa makofi ukumbi mzima. Mimi sikupiga, na baadaye akanifuata nje kuniuliza kama nimeshaanza kununuliwa. Kaka, jibu lako ni hili hapa, nimeona niliandike ili na wengine wasome.

Kwanza, hasira yake haikutoka hewani. Juni 2014 Idara ya Uhamiaji iliita watu kwenye usaili Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Walijitokeza zaidi ya 10,000 kugombea nafasi 70, wakaandika wakiwa wamekaa kwenye viti vya mashabiki, karatasi juu ya mapaja. Mwaka huo huo ajira nyingine 200 za idara hiyo zilisimamishwa, kisha zikafutwa, baada ya malalamiko kwamba majina mengi ni ya ndugu wa watumishi. Kwa hiyo anayesema "undugu upo" hazushi, wizara yenyewe ililazimika kuchukua hatua.

Na idadi haijapungua. Mwaka 2025 TRA ilipokea maombi 135,027 kwa nafasi 1,596. Piga hesabu: kila kiti kina watu zaidi ya themanini wanaokitolea macho. Walimu nao, ambao zamani waliomba TAMISEMI na kupangiwa vituo, siku hizi wanapitia usaili kama kada nyingine. Mtu ana shahada, ana mazoezi ya kufundisha, anajitolea shule ya kata kwa elfu hamsini ya wazazi, halafu anakaa chini aandike mtihani wa kuthibitisha kwamba ni mwalimu.

Lakini tuangalie safari ya usaili inapokatikia. Mimi nimeiona nyumbani kwetu. Dada yangu aliitwa na taasisi moja (siitaji, yeye mwenyewe amenikataza) kwenye usaili Dodoma. Tangazo lilikuwa na ile sentensi tunayoijua wote, kwamba kila msailiwa atajigharamia usafiri, chakula na malazi. Mama akakopa kikoba. Dada akatoka Mbeya, akalala kwangu Iringa, alfajiri nikamsindikiza Igumbilo akapanda basi la Dodoma kupitia Mtera. Alikuwa amesoma, nakuapia. Alikuwa na daftari zima la majukumu ya taasisi ile, Sheria ya Utumishi wa Umma ameipitia mpaka vifungu anavitaja usingizini.

Hakuingia kwenye chumba cha mtihani. Mezani kwa uhakiki waliona cheti cha kuzaliwa kina jina la ukoo lenye "Mwa" mbele, cha kidato cha nne hakina. Sisi watu wa Mbeya tunajua jinsi mwalimu wa darasa la kwanza anavyoweza kukunyofoa herufi tatu na ukaishi hivyo maisha yako yote. Dada alikuwa na kiapo cha wakili mkononi. Wakamwambia kiapo hakitoshi, wanataka hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, ile tunayoiita dipoli. Akarudi jioni ile ile. Mkopo wa kikoba ulilipwa kwa mahindi.

Mpaka leo mtaani kwetu wanasema binti yule alikosa kwa sababu hana mtu. Hapana. Alikosa kwa sababu ya herufi tatu, na kwa sababu mimi, mwanafunzi wa sheria, niliyekuwa nalala naye chumba kimoja usiku ule, sikumuuliza, "Hebu nione vyeti vyako." Sentensi hiyo ya majina imo kwenye karibu kila tangazo la kuitwa kwenye usaili. Tunaisoma haraka tukitafuta tarehe na ukumbi.

Ndiyo maana makofi ya Mwanjelwa yaliniuma. Ukishaamini kwamba kila aliyekosa amehujumiwa, huwezi tena kumtofautisha aliyehujumiwa kweli na aliyekwenda na hati ya matokeo badala ya cheti halisi. Na yule aliyehujumiwa kweli ndiye anayeumia, maana kilio chake kinafanana na cha kila mtu.

Sasa tuzungumze sheria kidogo, mnivumilie. Sekretarieti ya Ajira haikuja kama zawadi ya mtu. Iliundwa kwa marekebisho ya mwaka 2007 ya Sheria ya Utumishi wa Umma ya 2002. Kabla yake kila mwajiri alijitafutia watu wake, na mnajua kilichokuwa kinatokea. Nyuma ya sheria hiyo ipo Katiba, ibara ya 22, inayosema raia wote tuna haki sawa ya kushika nafasi za kazi zilizo chini ya mamlaka ya nchi. Haisemi haki ya kupewa kazi. Inasema usawa. Kwa hiyo swali letu kama upinzani liwe hili: usawa huo unaonekanaje, na nani anaukagua?

Mimi naona tundu kubwa liko kwenye mahojiano ya ana kwa ana. Kwenye mchujo wa kuandika wewe ni namba, na sahihi ni sahihi. Ukishapita, unaingia chumbani kwa watu watatu au wanne, unajibu, unatoka, halafu siku moja unaona orodha ya walioitwa kazini. Ulipata ngapi kwenye mahojiano? Aliyekuzidi alikuzidi kwa nini? Hapo ndipo undugu una pa kujificha, na hapo ndipo tunapaswa kusukuma, alama za mahojiano zitolewe kwa kila msailiwa kama zinavyopaswa kutolewa za karatasi.

Tusisubiri bunge la ndoto. Kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Raia anaandika ombi kwa taasisi ya umma, taasisi inatakiwa ijibu ndani ya siku 30. Nimewauliza vijana kama ishirini Mbeya na Iringa waliowahi kufika kwenye mahojiano, wangapi waliandika kuomba alama zao. Hakuna hata mmoja. Tumeandika posti, tumetukana kwenye magrupu ya WhatsApp, barua moja hatujaandika. Wakikataa kukujibu, tayari una nyaraka ya kumpa mbunge au mwandishi wa habari, au wakili.

Kuhusu gharama, hapo sina maneno laini. TRA waliweza kuwafanyia watu zaidi ya laki moja usaili wa kuandika mikoani, na walimu wamefanyiwa mikoa waliyopo. Basi hakuna sababu ya mtoto wa Kyela au Makete kusafiri siku nzima kwa mtihani wa saa moja. Na kama mahojiano lazima yawe Dodoma, anayeita alipe nauli. Kumbukeni pia kubadilisha mkoa kwenye akaunti zenu za Ajira Portal. Kuna rafiki yangu anaishi Kihesa, akaunti inasema Mwanza alikosomea. Akiitwa atajua hajui.

Swali mnaloniuliza sana faragha: wakijua mimi ni kamanda, nitakatwa? Fomu ya maombi haikuulizi chama, na Katiba haimkatazi mtumishi wa kawaida kuwa mwanachama. Siwezi kukuapia kwamba hakuna afisa atakayechungulia ukurasa wako, nitakuwa nadanganya. Ila wewe ukijikata mwenyewe kabla hujaomba, umemrahisishia. Majeshi ndiyo tofauti: ibara ya 147 inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama, na hapo polisi na magereza wamo. Anayetaka magwanda ya serikali aamue mapema, maana ya kwetu itabidi ayakunje.

Kusoma, someni vitu vya kweli. Zile "past paper" zinazouzwa elfu tano Telegram, nyingi nimeziona, ni maswali mtu kajitungia. Chukua tangazo lenyewe, yale majukumu ya kazi yaliyoorodheshwa ndiyo silabasi. Ongeza sheria iliyoanzisha taasisi, na Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za 2009. Zinachosha, najua, hata mimi zinanilaza.

Sisi Iringa tumeanza kukutana kila Jumamosi saa nne asubuhi, Mlandege. Saa ya kwanza hatusomi chochote, tunapanga vyeti mezani na kusoma majina herufi kwa herufi, kila mtu anakagua vya mwenzake. Jumamosi iliyopita kati ya watu tisa tumekuta wanne wenye tatizo, mmoja tarehe ya kuzaliwa kabisa. Mbeya mnaotaka kuanzisha ya kwenu, niandikieni, nitakuja nikiwa likizo. Dada yangu atakuwepo, dipoli yake imeshasajiliwa, na kaka wa Mwanjelwa nimeshamwambia aje na bahasha yake.