Kutajwa Si Kuonyeshwa

Hoja inayorudiwa magazetini hudai kwamba wimbo wowote unaoitaja Mombasa huutangaza mji huo na kuuhifadhi. Hoja hiyo haisimami, kwa sababu kutaja ni jambo moja na kuonyesha ni jingine.

Mwaka 1975 Taiska wa Ufini alivuma kwa wimbo "Mombasa". Mwaka 1978 Mmarekani Warren Zevon, katika "Roland the Headless Thompson Gunner", alimweka muuaji kwenye baa ya Mombasa. Baa hiyo haina mtaa wala jirani. Ingehamishiwa bandari nyingine na kisa kisipungukiwe na kitu. Mitaa ya Mji wa Kale wa Mombasa, Ndia Kuu na Kibokoni, haimo, wala Ngome ya Yesu ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593.

Wapo wanaodai kwamba nyimbo za wenyeji huziba pengo hilo. Si lazima. "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms, kundi la Pwani, ilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa masikio ya watalii. Inaisifu Kenya, lakini mitaa ya Mombasa haionekani.

Mfano wa kinyume ni Muyaka bin Haji, mshairi wa Mji wa Kale aliyefariki takriban mwaka 1840. Kwake Mvita, yaani Mombasa, si pambo: ni mji wa Wamazrui, ukoo ulioutawala, uliomkabili Seyyid Said, mtawala wa Oman, hadi ukaanguka mwaka 1837. Mashairi yake yalidumu vinywani mwa watu, kisha yakachapishwa kama diwani mwaka 1940.

Kipimo, basi, ni kimoja: jina likiondolewa na wimbo usitetereke, mji haukuwamo.