Laki Moja Nairobi Inamtosha Nani?

Mazungumzo yakigeukia mishahara, hukosi mtu wa kuapa kwamba shilingi 100,000 kwa mwezi zinamtosha yeyote Nairobi. Nakataa, tena kwa hesabu.

Kwanza, hiyo laki haifiki mfukoni. Kwa viwango vya mwaka 2025, mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, ulikata 4,320, bima ya afya ya SHA 2,750, ushuru wa nyumba 1,500, kisha mamlaka ya ushuru, KRA, ikachukua ushuru wa mapato wa karibu 19,800. Zilizobaki ni kama 71,600. Kijana anayeishi peke yake kwenye chumba kimoja Kahawa West, asiye na wa kumtegemea, atazifurahia. Huyo ndiye wanayemfikiria hao wanaoapa, nao humfanya kipimo cha watu wote.

“Kodi ya nyumba ikikulemea, hamia Rongai.” Kodi hupungua huko nje ya jiji, sikatai. Lakini anayefanya kazi katikati ya jiji hudamka saa kumi alfajiri, na jioni mvua ikishika, nauli hupanda papo hapo, makanga akiitangaza mlangoni huku maji yakikutiririka shingoni. Bomba likikauka, unanunua maji kwa mtungi wa lita 20. Mtoto unamwacha amelala, unarudi unamkuta amelala. Hiyo pia ni gharama, japo haina risiti.

Eti vijana wanamaliza pesa kwa starehe? Wapo. Ila wengi ninaowajua mshahara wao huishia kwenye kodi, nauli na karo kabla ya tarehe kumi.

Dai linaloniuma zaidi ni kwamba kutuma pesa nyumbani ni hiari. Januari, siku ya pili baada ya mshahara, mdogo wangu alinipigia kwa simu ya bawabu wa shule. Alikuwa amesimama langoni, sanduku la bati kando yake, haingii mpaka salio la karo lilipwe. Nilikuwa kwenye foleni dukani. Nikatuma 9,500 palepale, nikabaki na unga, mafuta ya kupikia nikayarudisha kwenye rafu. Hakuna aliyenilazimisha, ni kweli. Lakini karo yangu mimi ya sekondari ililipwa na mjomba aliyeuza ng’ombe wake wa pekee wa maziwa, na leo dawa zake za presha nazinunua mimi, kila tarehe tano.