Foleni za Disney: muda wauzwa, viti ni vile vile

Kuanzia mwaka 1999, mgeni katika bustani za burudani za Disney karibu na Orlando, Florida, aliweza kuchukua bila malipo ya ziada tiketi ya kurejea kwenye mchezo saa maalum, badala ya kusimama foleni. Utaratibu huo ulisitishwa wakati wa janga la korona mwaka 2020, na mwaka uliofuata ukafutwa rasmi. Njia ya haraka sasa hulipiwa. Mwaka 2024 ilitangazwa pasi inayofikia dola 449 kwa mtu mmoja kwa siku, mbali na kiingilio.

Utata uko kwenye hesabu. Chukulia vigari vinabeba watu 1,000 kwa saa. Waliolipa wakitengewa viti 700, wengine wote hugombania 300. Pasi haiongezi kiti hata kimoja. Na kadiri foleni ya kawaida inavyorefuka, ndivyo pasi inavyonunulika. Mwenye bustani hana sababu kubwa ya kuifupisha.

Kinachookoa viti kwa hakika ni foleni ya wanaopanda peke yao: watu watatu wakiacha nafasi katika kigari cha wanne, huitwa mmoja kuijaza. Foleni hiyo haina malipo. Lakini mzazi aliyefuatana na mtoto wa miaka mitano hawezi kuitumia.