Kemo mnaionea, wadau

Wadau, kuna kauli imetapakaa kwenye mabaraza ya kahawa hapa Ngamiani: "Ukishatundikiwa zile dripu za kansa, umekwisha." Nimechoka nayo! Na si wazee peke yao, hata sisi wenye digrii tunatikisa kichwa huku tunapuliza kahawa.

Chukua kansa ya kibofu cha mkojo. Ikishaingia kwenye msuli wa kibofu, kawaida kibofu chote hutolewa, au mgonjwa hupigwa mionzi. Mwaka 2003 madaktari wa Marekani walichapisha utafiti: waliopewa kemo kwanza ndipo wakapasuliwa, nusu yao waliishi zaidi ya miezi 77. Kwa waliopasuliwa tu, ilikuwa miezi 46. Sababu ni kwamba chembe nyingine huwa zimeshatoroka kwenye damu kabla ya kisu, na dawa huzifuata huko. Ukijumlisha tafiti nyingi faida inapungua, kama watu 5 zaidi katika 100 wanakuwa hai baada ya miaka 5. Wachache? Kawaulize wake zao.

Sasa msikimbilie kushangilia. Hiyo ni aina ya kansa iliyozoeleka Ulaya na Marekani, ambayo mchochezi wake mkubwa ni sigara. Huku pwani tuna kichocho, mdudu aliyetangazwa rasmi na shirika la kimataifa la utafiti wa kansa mwaka 1994 kuwa anasababisha kansa, na kansa yake mara nyingi ni ya aina nyingine, isiyosikia kemo vizuri. Hapo tegemeo ni kisu. Tena sisplatini, dawa yenyewe kubwa, inataka figo nzima, wakati kichocho cha miaka mingi huziba mirija ya mkojo na kuharibu figo. Mtu anasafiri kilomita kama 350 mpaka Ocean Road, Dar, anaambiwa figo zako haziiwezi dawa hii. Akifa, baraza linasema kemo imemuua. Kemo ipi? Hakuipata!

Mimi hasira zangu ziko kwingine. Mtoto anakojoa damu, watu wanacheka, eti atapona akikua, na prazikwanteli ipo, vidonge tu. Akifika miaka 50 anakojoa damu tena, bila maumivu. Dukani wanamwambia "UTI hiyo," anapewa sipro. Mzee mmoja wa mtaani kwetu alitibiwa UTI mara nne kwenye zahanati moja (siitaji). Hakuna aliyemwambia akachunguzwe kibofu kwa kamera, akatwe kinyama kipimwe. Bila kinyama hicho hata daktari bingwa hajui ni kansa ya aina gani, wala kama kemo itamfaa.

Kwa hiyo ninyi mnaouza sipro dirishani, naomba jibu hapa hapa: mzee wa miaka 50 akija na mkojo mwekundu, mara ya pili mnampeleka wapi?