Programu yako si bubu, wewe ndiye umeiziba mdomo

Kuna tabia imeshika wasee wanaojifunza programu huku Eastlands, Umoja mpaka Kayole, na leo siipaki mafuta. Programu ikilia, mnaifunga mdomo. Skrini inakaa safi, unatuma kwa grupu ya WhatsApp ati "iko sawa." Haiko sawa, buda.

Chukua Emacs. Ni kihariri cha maandishi, GNU Emacs ilitoka 1985, ni ya bure, na unaweza kuipanga upya kwa Lisp ukiwa ndani yake. Kosa mle ndani ni kama makanga kugonga bodi ya matatu: anagonga ili mtu asikie. Kazi hiyo inafanywa na signal, na inabeba vitu viwili: jina la kosa, tuseme file-missing, na maelezo, yaani ni faili gani. Emacs inatafuta mshikaji kuanzia yule wa ndani kabisa ikienda nje. Mshikaji unamweka wewe kwa condition-case. Asipopatikana yeyote, amri inakatika na ujumbe unatokea chini ya skrini.

Sasa majina yana ukoo. file-missing ni mtoto wa file-error, na file-error ni mtoto wa error. Ukishika error, umeshika karibu ukoo wote. Hapo ndipo uvivu unaingia: mtu anashika error halafu hafanyi chochote, ama anazungushia kila kitu ignore-errors. Huyo ni dere aliyeweka miziki juu mpaka hasikii makanga. Abiria wa Donholm wanashukia Taj.

Tuseme umeandikia mama wa duka pale Buruburu programu ya madeni, inahifadhi kwa flashi. Mtoto amechomoa flashi. Emacs inapiga kelele, wewe umeimeza. Mama anaandika madeni wiki nzima na hakuna hata moja limeingia. Nani atalipa hizo unga na mafuta? Si wewe.

Najua mtasema, "Lakini mteja akiona kosa ataogopa." Kwani akipoteza pesa atafurahi? Kama kosa ni la mtumiaji, tumia user-error. Imewekwa kwa hiyo kazi, na hata ukiwa umewasha debug-on-error haikufungulii kitafuta-makosa. Kama kosa ni la faili, shika file-error peke yake. Na kama huwezi kulitatua, lirushe tena kwa signal, jina lile lile na maelezo yale yale, aliye nje alishughulikie.

Sisemi ignore-errors ni haramu. Unafuta faili ya muda ambayo labda haipo? Itumie, hakuna noma. Lakini pesa ya mtu, hapana.

Na ujumbe wenyewe, jameni. "Kuna shida" si ujumbe. Desturi ya Emacs ni uanze kwa herufi kubwa na usiweke nukta mwisho. Andika: Faili ya madeni haipatikani, rudisha flashi