Pimeni Nguvu, Si Umri

Waandishi wenzangu, riwaya yangu leo kando. Nina dukuduku.

Bibi yangu ana miaka 76 na kansa ya matiti. Tulipomfikisha hospitali, daktari alisoma umri kwenye kadi, akaniambia mimi, si yeye: "Kijana, bibi ameshakula chumvi nyingi. Dawa hizi hataziweza. Mrudisheni akapumzike." Basi! Hakuuliza hata kama anakula. Na bibi huyo bado anachoma vitumbua Manzese kila alfajiri, na hesabu hakosei hata senti.

Siku hiyohiyo mzee mmoja wa miaka 66 aliandikiwa dozi kamili, eti bado kijana. Mwanawe alinieleza kwenye benchi kwamba baba ameanguka chooni mara mbili mwezi ule. Nani alimwuliza? Wiki iliyofuata alirudi kwa machela.

Jamani, kupima udhaifu wa mzee hakutaki mashine ya mabilioni. Kiti kimoja na mita 3: ainuke, atembee, ageuke, arudi akae, wewe unatazama saa. Kisha umwulize: unakula? Umekonda? Unameza dawa ngapi? Umeanguka? Nyumbani uko na nani? Ipo fomu iitwayo G8, yenye maswali 8 na alama 17. Akipata 14 au chini, apimwe kwa kina. Marekani walijaribu kwa wagonjwa 718 wa miaka 70 na zaidi, wenye kansa isiyoponyeka, matokeo yakachapishwa 2021. Pale madaktari walipopewa majibu ya vipimo vya namna hii, wagonjwa 51 katika 100 walipata madhara makali ya dawa. Pale wasipopewa, 71. Na waliopunguziwa dozi hawakufa upesi zaidi.

Mtasema foleni ndefu, madaktari wachache. Kweli. Lakini maswali 8 hata nesi anayauliza, foleni ikiwa palepale.

Nasi tusijifanye watakatifu. Katika hadithi zetu kila mzee ni mkongojo na kikohozi, sura ya pili tumeshamzika. Mimi mwenyewe nimemwua mmoja hivyo, ukurasa wa 12, kwa sababu tu ni mzee. Nimeuchana.

Bibi tumempeleka kwingine. Nawe ukimsindikiza babu yako, dai apimwe. Wakinuna, dai tena. Kuuliza si ujinga.