Bei ya Kazi Isiyokwisha

Mtu aingiapo katika karakana za kazi za mikono za Kigali hukuta kwanza vitu vilivyo nusu: kitambaa kilichodariziwa pembe moja tu, kikapu ambacho hakijapata kifuniko, ubao wa imigongo ambao ungali mbichi. Wengi huvipita upesi wakatafute kilichokamilika. Sisi twaona kwamba hapo penye kazi isiyokwisha ndipo ndugu zetu wa jeshi na polisi wangepaswa kusimama kidogo.

Mwaka 1997, miaka mitatu baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, Christiane Rwagatare alianzisha karakana ya udarizi huko Rutongo, kaskazini ya Kigali, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Savane Rutongo-Kabuye. Wanawake wa huko hukifunika kitambaa chote kwa uzi, mshono kwa mshono, hata watu na milima ikatokea kana kwamba imepakwa rangi. Picha kubwa huchukua miezi.

Imigongo nayo, ambayo asili yake ni Gisaka, upande wa mashariki, yataka subira. Samadi ya ng'ombe huchanganywa na majivu, ikafinyangwa kwa vidole juu ya ubao, ikangojwa ikauke, ndipo ipakwe rangi nyeusi, nyekundu na nyeupe. Na agaseke, kikapu kilichomo katika nembo ya taifa iliyoanza kutumika mwaka 2001, husukwa mzunguko baada ya mzunguko. Katika vyama vingi vya wasusi, wajane wa mwaka 1994 waliketi pamoja na wanawake ambao waume zao walikuwa gerezani. Jamvi hilo moja nalo lilikuwa ulinzi wa amani.

Sasa, kupatana bei ni desturi ya soko, wala hatuikatazi. Lakini yafaa tukumbuke kwamba mtu aliyevaa magwanda, hata akisema kwa upole, sauti yake husikika kama amri. Akitaja nusu ya bei, mwenye mali huenda akakubali kwa hofu, na mnunuzi akaondoka akidhani amefanya biashara njema. Hapo atakuwa amechukua wiki kadhaa za kazi ya mtu bila malipo.

Watakuwapo watakaosema kwamba askari naye hana mshahara mkubwa. Twakubali. Ila mwenye mfuko mdogo hununua kitu kidogo. Hapunguzi jasho la mwenziwe.

Askari alifahamu jambo hili kuliko raia wengi. Wananchi huliona gwaride kwa saa moja tu, wakapiga makofi. Miezi ya kwata juani hawaioni. Je, angefurahi mtu akilipima gwaride lile kwa saa ile moja?

Kwa hiyo, ndugu, kabla ya kununua zawadi ya kupeleka nyumbani, au ya kuchukua unapokwenda kulinda amani katika nchi za wenzetu, omba kwanza uonyeshwe kazi iliyo nusu. Uliza imechukua siku ngapi, na zimebaki ngapi. Kisha, ukiweza, rudi siku ya mapumziko ukiwa na nguo za kiraia, ndipo mpatane bei kama watu wawili walio sawa.